Bweni Lisiloenea Kwenye Mashine

3 Februari

Kwako Sukrubu, mdogo wangu,

Habari za huko machimboni? Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepungua kuvimba, ila mdomo haujapungua. Kutwa ananiuliza kama huko mnakula mboga. Nimemwambia mnakula, usije ukaniumbua. Wifi yangu alipita juzi na binti yako. Mtoto amerefuka mpaka sketi ya mwaka jana anaivuta chini kila akipiga hatua mbili. Dereva wa lori la vyakula ameahidi kukupa barua hii mkononi, asiiache getini pamoja na simu zenu wanazowanyang'anya.

Watu wakiandika barua husema hofu ni kwako uliye mbali. Safari hii hofu iko hapahapa, imekaa mezani kwangu, kwenye kompyuta.

Unajua nachora lile bweni la shule ya wasichana. Chini ni ukumbi wa chakula, ghorofa ya kwanza vyumba vya kulala, ya pili vilevile, na juu kabisa matangi ya maji. Kazi nimepewa na Mhandisi, ambaye ndiye anayejenga pia. Ananilipa kwa mchoro, kwa hiyo mashine ni yangu na maradhi yake ni yangu. Nikifungua ghorofa moja, inafunguka. Nikitaka kuzifungua zote pamoja niione nyumba nzima, skrini inaganda, feni inalia, halafu giza. Mhandisi anasema nisijisumbue. Nichore ghorofa moja moja, kila moja na faili lake, yeye ataziunganisha kichwani.

Nimekwenda dukani. Muuzaji akanionyesha memori ya toleo jipya, akaisifu kama mtu anayeoza binti. Ina kasi maradufu, eti hata makosa inajisahihisha yenyewe. Lakini haiingii kwenye mashine yangu. Lazima nibadili na mazabodi, lile bao kubwa la ndani linaloshika kila kitu, na prosesa, ubongo wake, juu yake. Yaani karibu ninunue kompyuta nyingine. Ya toleo la zamani ni rahisi zaidi na inaingia bila ugomvi. Wewe ndiye fundi wa kompyuta katika ukoo huu. Niambie, hiyo nyongeza ya bei ina maana yoyote, au nitakuwa nimenunua sifa?

Nijibu upesi. Siku hizi nikitaka kulifungua faili la ukumbi wa chakula naishia kuifunika mashine kwa kanga, na sina hakika kama ninachokiogopa ni mashine.

Dada yako

19 Februari

Dada Rula,

Shikamoo. Hiyo ni ya karatasi, iitikie hukohuko.

Mwambie Mama mboga tunakula, kwani majani ya chai si majani? Mimi mzima. Vumbi la mgodi limejaa kwenye kompyuta za ofisi mpaka kazi yangu imekuwa ya kufagia. Mtunza stoo ananiita mfagizi mwenye cheti.

Sasa sikiliza. Diski ya kompyuta ni kabati, memori ni meza. Kilichomo kabatini huwezi kukifanyia kazi mpaka ukitoe ukiweke mezani. Meza yako ni ndogo, nyumba yako ni kubwa, ndiyo maana inaganda. Toleo jipya linaongeza wepesi wa mikono, lakini shida yako wewe ni upana wa meza. Kwa hiyo mazabodi iache ilivyo. Toa vile vijiti viwili vidogo vya memori vilivyomo, weka viwili vikubwa vya toleo lilelile la zamani. Kwa kazi ya kuchora, ukilinganisha na hiyo mpya, hutaona tofauti ya kukutoa jasho la mfukoni. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wenye maduka wanaijua methali hiyo kuliko sisi.

Hilo la kujisahihisha ni kweli, ila amelikuza. Memori hiyo inasahihisha makosa yake yenyewe ya ndani, umeme ukiteleza kidogo. Haisahihishi ya mchoraji, wala ya muuzaji.

Habari kubwa nimeiweka mwisho kama nyama. Binti amekubaliwa shule hiyohiyo! Wifi yako ameniandikia. Bweni likiisha atalala humo, kwenye nyumba iliyochorwa na shangazi yake. Nimewaambia watu wote kambini, mpaka mpishi akiniona ananitangulia: "Tumesikia, tumesikia."

Lakini Dada, kufunika mashine kwa kanga? Wewe ndiye uliyemtoa nyoka bafuni kwa fagio huku sisi wanaume tumepanda juu ya viti. Faili halina meno. Unaogopa nini?

Sukrubu

8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameisoma ile ya majani ya chai na hajacheka. Anasema atakutumia mchicha uliokaushwa, kwa hiyo liombe radhi tumbo lako mapema.

Nilirudi dukani na ushauri wako. Muuzaji anasema memori za toleo la zamani haziletwi tena kwa wingi, na zilizobaki zimepanda bei. Mtaa wa nyuma kuna jamaa anauza zilizotumika. Alitoa moja mfukoni, akaifuta kwa shati, akaniapia kwa watoto wake. Nilirudi mikono mitupu.

Bweni linakwenda mbio. Ukumbi wa chini umekwisha, sakafu ya ghorofa ya kwanza imemwagwa, kuta na nguzo zake zimesimama. Walimu wanapita kila jioni kulitazama.

Nataka nikuulize kitu kama fundi, na usiniulize kwa nini. Memori ikiwa mbovu, inaweza kusogeza mstari kwenye mchoro? Yaani mtu achore nguzo hapa, halafu kesho aikute kule?

Nitakueleza kidogo. Mwezi Januari shule iliomba ukumbi wa chakula uwe mpana, usiwe na nguzo katikati zinazozuia meza. Mhandisi akaubadilisha mchoro wa chini mwenyewe, kwenye mashine ya ofisini kwake, akaupeleka moja kwa moja kwa mafundi. Mimi ghorofa za juu nilikuwa nimeshazimaliza tangu mwaka jana, nazo zikaenda kama zilivyo. Huo mpya wa chini niliupata mwisho wa Januari tu niweke milango na madirisha. Nilipoufungua sikuona nguzo za katikati. Ziko pembeni, ukutani.

Nilichapisha karatasi mbili, ya chini na ya juu yake, nikazibandika kwenye kioo cha dirisha jua likipenya. Nguzo hazikukutana. Lakini karatasi haiaminiki, printa huvuta huku na kule, na mistari ya vipimo aliyotumia yeye siyo yangu. Nikataka niziweke zote ndani ya mashine, zikae moja juu ya nyingine, nione kwa macho. Mashine ikaganda. Nimejaribu tena na tena, na kila ikiganda nashukuru. Umenielewa? Nashukuru.

Niambie kwamba memori mbovu inaweza kufanya hivyo. Tafadhali.

Dada

21 Machi

Dada,

Shikamoo. Hukuandika hata hongera kwa mtoto. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikilitafuta neno hilo, nikafikiri labda limejificha chini ya mchicha wa Mama. Halimo, na sasa nadhani najua kwa nini.

Nikujibu kama fundi. Memori mbovu hugandisha mashine. Huharibu faili lisifunguke kabisa, au likifunguka linakuwa takataka, mistari huku na huku kama mtoto kachezea. Lakini haichukui nguzo nzima ikaipeleka ukutani na kuiacha imenyooka, na nyingine pembeni yake imenyooka vilevile. Huo ni mkono wa mtu. Natamani ningekudanganya.

Nakutumia vijiti viwili vikubwa, vya toleo lako la zamani. Nimevitoa kwenye kompyuta za ofisi zilizokufa kwa vumbi, na mtunza stoo ameridhia. Nimevifunga kwenye karatasi ya biskuti inayong'aa kwa sababu ya umeme wa mwilini. Kabla hujavigusa shika kwanza chuma cha kasha la mashine. Kuna mkato mdogo upande wa chini, uulinganishe na tundu, usilazimishe. Bonyeza mpaka usikie vishikizo vimelia kote kuwili. Nimeweka na kidiski cha kupimia. Iache mashine ijipime kutwa nzima. Ikikuandikia kosa hata moja, memori ni mbovu na tutacheka. Isipoandika, fungua nyumba yote.

Usiende tena kwa muuzaji. Suala la mpya na ya zamani limekwisha, tunachotaka ni kuona.

Mimi niko hapa nimezungukwa na ukuta na walinzi, siwezi hata kupiga simu. Methali ya ufa na ukuta naijua na wewe unaijua, kwa hiyo tusiandikiane. Niandikie ulichokiona, hata kiwe kibaya namna gani. Mtoto ni wangu.

Sukrubu

6 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Mama hajambo. Wifi hajambo. Mimi sijui nikoje.

Vijiti vilifika salama. Nilifanya kama ulivyosema, nikashika chuma, nikabonyeza, vikalia. Mashine ilijipima kutwa nzima, na mimi nimekaa pembeni naomba ikosee. Haikukosea hata mara moja.

Nikafungua nyumba yote. Ilichukua muda, feni ikalia, lakini haikuganda. Ikaja sakafu, kuta, ngazi, matangi. Nikaigeuza nione upande wa chini. Sukrubu, nguzo za katikati za ghorofa ya kwanza hazina kitu chini yake. Zimesimama juu ya sakafu ya zege, na chini ya sakafu ni ukumbi mtupu. Zinabeba vyumba, zitabeba ghorofa ya pili, na juu yake matangi yakijaa. Kila mchoro peke yake ni sahihi. Ukiipeleka kwa mkaguzi mchoro mmoja mmoja, kama tulivyofanya, ataigonga muhuri. Hakuna mtu aliyewahi kuiona nyumba hiyo ikiwa nzima, na mafundi nao wamejenga kilichoandikwa.

Nilikwenda kwa Mhandisi nimebeba mashine na skrini yake. Alitazama skrini kwa muda mrefu. Jasho lilimtoka hapa juu ya mdomo. Halafu akasema, "Kompyuta yako ni ya zamani, dada yangu. Inachanganya mambo."

Nikamwambia nimeipima, pamoja na vijiti ulivyonitumia.

"Umeipima kwa vijiti vya kuokota." Akaenda kufunga mlango. "Hiyo si kazi ya kufanyia kwenye mashine kama hiyo. Nitakununulia mpya. Memori toleo jipya, kila kitu. Wewe nirekebishie michoro ya juu ikubaliane na ya chini, uandike tarehe za Januari. Sakafu niliifanya nene, haina neno."

Nikamuuliza nene kiasi gani. Akaniuliza kwa upole, "Mama yako bado anakaa kwenye ile nyumba ya mlango wa buluu? Mguu wake unaendeleaje?"

Sikumbuki kumwambia mambo ya mguu wa Mama.

Mashine imeletwa jana kwenye boksi. Iko chini ya meza, sijaifungua. Nikirekebisha michoro, karatasi zitakuwa safi na nguzo zitabaki zilipo. Ndicho anachokitaka. Nikikataa, sijui.

Jambo moja tu najua: usimwache mtoto ahamie. Nimejaribu kumwambia wifi nikashindwa, maana atasema, na likisemwa litafika kwa Mhandisi kabla ya jua kuzama. Andika wewe. Toa sababu yoyote.

Naogopa. Nimeandika neno hilo nikalifuta, nimeliandika tena.

Dada

10 Aprili

Dada Rula,

Shikamoo, na Mama pia. Mchicha ulifika na lori la mwisho na nimeula wote, mwambie hivyo, usiseme mbuzi wa mpishi wamenisaidia.

Lori la vyakula halijaonekana. Wanasema daraja limekatika na linasubiri ng'ambo na mizigo yake, barua zetu zikiwamo. Hii naitoa kwa gari la mganga anayekwenda likizo kwa njia ya mlimani. Kwa hiyo kama umeniandikia, sijapata. Nimejikalisha chini nikajiambia: kungekuwa na baya, Dada angetafuta njia. Kimya chako nimekichukua kuwa ni heri.

Wiki iliyopita mjumbe wa shule alipita huku akikusanya sahihi za wazazi. Mabweni ya zamani yamejaa, kwa hiyo wanataka wasichana wahamie ghorofa ya kwanza mara moja, ujenzi wa ya pili uendelee juu yao. Nilishika kalamu nikasita. Nikakukumbuka. Nikamuuliza, "Nyumba imekaguliwa?" Akanionyesha mihuri, yote ipo, ghorofa kwa ghorofa.

Nimesema ndiyo, Dada. Nimetia sahihi. Niambie nimefanya vizuri.

Sukrubu

2 Mei

Dada,

Sina salamu, unisamehe. Barua yako ya mwezi uliopita imefika pamoja na unga wenye funza.

Nilimpigia magoti meneja. Kweli kabisa, magoti, mbele ya karani. Akanipa simu ya ofisini, dakika chache na yeye amesimama kando. Nikampigia mama mtoto, nikamwambia aende shuleni aseme binti ana kifua, anatakiwa apumzike nyumbani. Akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo. Amekwenda, amemtoa.

Mtoto amelala mle siku zote hizo. Kesho yake meneja aliniruhusu tena dakika moja, na mama yake akampa simu. Hana wasiwasi, anacheka tu. Anasema, "Baba, dari la chini linalia. Tukikimbia koridoni, linajibu." Wakubwa wamewaambia ni zege linakauka. Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kukuandikia.

Sasa nisikilize mimi mdogo wako. Mtoto yuko nyumbani. Nakuomba unyamaze. Mtu aliyekuuliza mguu wa Mama hakuwa anajulia hali. Sisi ni nani? Wewe unachora chumbani, mimi nafagia vumbi kwenye kompyuta za watu. Wakaguzi wapo, shule ina bodi, kuna wazazi wenye magari, watakiona wenyewe kilichopo. Mrekebishie michoro yake. Ichukue hiyo mashine. Nilikuambia toleo jipya halina maana, basi nafuta kauli. Ni zuri. Ni jepesi, halili umeme mwingi, miaka mitano ijayo utaweza bado kuongeza vijiti. Ukipewa bure hakuna hesabu ya kupiga.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Najua ninachokuomba, usinirudishie maneno yangu.

Mdogo wako

17 Mei

Kwako mdogo wangu,

Mama hajambo, ila anauliza kwa nini siku hizi nafunga mlango mchana. Binti yako yuko hapa nami leo, anakula na kuimba. Kila nikimwangalia nashukuru, halafu naona haya.

Barua yako ilinikuta nimeshafanya nusu ya ulichoniomba. Nililifungua boksi. Nikaiwasha mashine mpya, nikaiwekea michoro yote. Ulisema sitaona tofauti. Niliiona, mdogo wangu. Nyumba nzima ilifunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, bila feni kulia, naizungusha kwa kidole kama kitu cha kuchezea. Na nguzo zinaelea palepale. Nikaanza kuzisogeza kwenye mchoro kama Mhandisi alivyotaka, moja, nyingine, nikaandika Januari. Ilikuwa kazi nyepesi sana.

Siku iliyofuata nilikwenda na wifi shuleni kuchukua godoro na sanduku la mtoto. Tulipokuwa tunashuka ngazi tukapishana na msichana anapanda, godoro lake kichwani, anahema na kutabasamu. Akasema, "Shikamooni. Samahani, kile kitanda cha dirishani ndicho mlichokiondolea vitu? Nimepewa mimi." Alikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Kitanda cha binti yako kilipata mtu siku ileile tulipokiacha wazi. Wifi akamsaidia kuinua godoro kwenye kona ya ngazi, maana yeye hajui lolote. Mimi nilisimama nikawaangalia wanapanda.

Nilirudi nyumbani nikachukua mashine ya zamani, yenye vijiti vyako. Ile mpya sikuigusa. Nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamfungulia nyumba nzima juu ya meza yake, nikamwonyesha kwa kidole. Ni mama mtu mzima, hajui michoro, lakini alielewa kabla sijamaliza. Tukaenda ukumbini. Wasichana walikuwa wanakula. Juu ya meza za katikati dari limepigwa chokaa mpya, na ndani ya chokaa kuna mstari unaotoka kwenye taa hadi ukutani. Wapishi wamekuwa wakiupaka kila wiki, wakidhani ni moshi. Mkuu wa shule akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wote nje uwanjani. Sahani ziacheni. Msikimbie." Walitoka wakinung'unika kwa ajili ya chakula. Sijawahi kuona watu wanatoka mlangoni polepole kiasi kile.

Bweni limefungwa. Wakaguzi wamekuja, wameegemeza sakafu kwa magogo, na safari hii wametazama juu na chini kwa pamoja. Mhandisi alifika hapa nyumbani kuchukua boksi lake. Alimsalimia Mama vizuri, akamwombea mguu upone. Mlangoni akaniambia, "Tutaonana." Tangu hapo nikisikia gari limepunguza mwendo nje, naacha ninachofanya. Sina kazi, na hakuna mhandisi mwingine atakayenipa. Kama ulitaka kunilaumu, barua itafika, lori linapita sasa.

Lakini sikukaa kuandika kwa sababu hiyo. Kwa kuwa hakuna pa kulala, wasichana waliopokelewa mwisho wamerudishwa makwao mpaka mwaka ujao. Yule wa godoro ni mmojawapo. Alinikuta uwanjani siku wanafunga virago. Akaniuliza, "Shangazi, ni wewe uliyesema?"

Nikamwambia ndiyo. Nilidhani atanishukuru, nikawa hata nimetayarisha uso.

Akasema, "Na yule aliyekuwa kitandani kwangu, mlimtoa kwa sababu mnajua?"

Akangoja kwa adabu, akiwa ameshika godoro lake, mpaka gari lao likapiga honi.

Nyumba yao iko njiani, dereva wa lori anaijua na amesema atapita. Mimi nimejaribu kumwandikia jibu lake mara nyingi nimeshindwa. Wewe ndiye baba wa mtoto tuliyemtoa. Mwandikie wewe.

Dada yako